Rundo la Vyuma kwenye Dirisha la Ok-bun

Jumatatu, 14 Januari

Sipendi kujisifu, lakini mji huu wa Hanmoe ungekuwa umeanguka zamani kama si mimi, Tak Man-bok. Daraja la mtoni nililisimamia mimi. (Nilikuwa nimesimama pale, wenzangu wakijenga. Usimamizi ndio huo.) Wakati wa vita nilibeba mzinga mgongoni nikavuka nao milima, jenerali mmoja akanitazama akasema huyu si mtu, huyu ni lori. Elimu yangu ni darasa la nne. Lakini la nne la zamani! Chuo kikuu cha siku hizi hakilifikii.

Na mtu wa aina hiyo leo ameamriwa na mkewe akatupe takataka.

Mke wangu, Mama Gil-rae (Gil-rae mwenyewe yuko jeshini), alianza hata supu sijaimaliza. Akasema rundo la vyuma la ukuta wa nyuma liondoke. Nikamuuliza rundo gani. Akasema lile lililokula dirisha la mtoto.

Mtoto mwenyewe ni Ok-bun, binti wa marehemu kaka yangu, tumemlea sisi. Jumatatu ijayo anafanya mtihani wa kuingia sekondari ya wasichana kule mji wa wilaya. Akifaulu, anasoma. Akifeli, anapanda treni kwenda Seoul kushona mawigi kiwandani, kama shoga zake walioondoka mwaka jana. Mama Gil-rae hataki hata kulisikia neno wigi.

Sasa, rundo. Kwanza si takataka, ni akiba! Kuna sufuria kubwa la chuma lililotoboka. Kuna mabomba ya jiko la makaa, birika zisizo na mikono, debe la petroli, jembe la ng'ombe lililopinda, fremu ya baiskeli iliyobaki na usukani tu, na ile kofia ya chuma ya askari niliyoifunga mpini, tunayochotea choo. Vitu vya maana. Ni kweli vimeliziba dirisha. Ni kweli usukani umeitoboa karatasi ya dirisha, maana madirisha ya kwetu ni ya karatasi, ukaingia mpaka ndani. Ok-bun amelalamika? Hapana, anautundikia skafu. Mtoto ana adabu. Ila anasoma kwa taa mchana kutwa, na upepo ukivuma mabomba yanalia kama mbuzi, basi anaziba masikio kwa vidole, halafu hana kidole cha kufunulia kitabu.

Mama Gil-rae akasema, "Baba Gil-rae, siku ya mtihani ikifika na rundo liko hapo, mimi na mtoto tunahamia kwa dada yangu. Ubaki na vyuma vyako, vikupikie."

Nikacheka. Halafu nikaona yeye hacheki.

Mchana akapita jirani yangu Bwana Pyo, mwenye kinu cha mpunga. Binti yake naye yumo kwenye mtihani. Akanieleza, wala sikumuuliza, kwamba ameagiza gubiti la maboga, ile peremende ya kunata, kutoka kisiwani, bapa zima, la kubandika kwenye lango la shule. Maana kwetu mtu akifaulu tunasema amenata, na akifeli tunasema ameteleza. Kwa hiyo siku ya mtihani wazazi hubandika gubiti langoni ili mtoto anate, na supu ya mwani haipikwi, maana mwani unateleza. Kila mtu anajua. Pyo akaniuliza, "Na wewe Man-bok, utabandika nini? Bomba la jiko?"

Hapo ndipo akili yangu ikawaka. Mzee Guk, muuza gubiti, yeye habagui: unampa chuma kikuukuu, anakukatia gubiti. Rundo lote lile litaleta gubiti pana kama mlango! Dirisha linafunguka, mtoto ananata, Pyo ananyamaza. Nashangaa serikali haijaniita.

Jumanne, 15 Januari

Baridi ya kupasua mawe. Wengine wanalalamika. Mimi nimeona fursa.

Nimefikiri hivi: chuma kikiwa kizito, gubiti linakuwa kubwa. Na maji yana uzito, na maji ni ya bure! Asubuhi nzima nimeteka maji. Sufuria nikalijaza, baada ya kuziba tundu kwa udongo. Birika nikazijaza. Mabomba nikayaziba upande mmoja, nikayajaza. Debe, tele. Kufika alasiri kila kitu kimeganda kama mawe. Juu ya barafu nikapaka masizi, ionekane kutu. Kazi safi kabisa. Ungeniuliza mimi mwenyewe ningekwambia ni chuma kitupu.

Mama Gil-rae akauliza kwa nini maji yanatoka jikoni badala ya kuingia. Nikamwambia ni mambo ya uchumi. Akasema uchumi huo usimpasulie ndoo. (Imepasuka moja. Nimeigeuza, ufa uangalie ukutani.)

Ok-bun naye alitoa kichwa mlangoni akasema anasikia ta! ta! nyuma ya dirisha, akauliza, "Baba mdogo, vyuma vinavunjika mifupa?" Nikamwambia hapana, vinanenepa. Akarudi kwenye hesabu zake.

Jumatano, 16 Januari

Fedheha. Naandika kwa kifupi.

Mzee Guk alikuja na mkokoteni wake, anagonga ule mkasi wake mpana, chaka-chaka, chaka. Mbwa wote kimya, wanamjua. Nikampeleka nyuma ya nyumba kama mtu anayemwonyesha mgeni ng'ombe zake. Nikamwambia, Mzee Guk, leo utalia.

Mwanaume yule hana mzani! Miaka yote hii nimemwona na mkokoteni huo na sikuwahi kugundua kwamba hana mzani. Mzani wake ni sikio. Anakipiga chuma kwa mkasi, anainamisha kichwa, anasikiliza. Chuma kizuri kinaimba. Akalipiga sufuria langu. Likasema du. Akapiga birika. Du. Akapiga debe. Du. Akainama, akakwangua masizi kwa ukucha, akaramba kidole.

Akaniuliza, "Bosi, nikupe gubiti kwa barafu? Basi si niende mtoni, mto mzima uko bure?"

Wanawake waliokuwa kisimani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama Chun-bok wa kitongoji cha chini ndiye aliyecheka kuliko wote, kicheko chake kina mkia mrefu.

Nikamwomba Mzee Guk achukue hivyo hivyo. Akajaribu kulipandisha sufuria, mkokoteni ukainua mikono juu kama mtu anayesalimu amri. Akasema atarudi likiyeyuka. Mwezi wa tatu hivi. Kofia ya chuma hakuigusa kabisa, aliinusa kwa mbali akarudi nyuma. Akachukua kijiko kilichovunjika, akanikatia gubiti la ukubwa wa kidole gumba. Nikampa Ok-bun.

Mwezi wa tatu! Mtihani ni Jumatatu.

Alhamisi, 17 Januari

Mtu mwenye kichwa hakai chini. Nimeamka na mpango mpya, na huu hauna maji ndani yake.

Rundo langu limeganda, sawa. Lakini vyuma vya watu wengine havijaganda! Nikivikusanya mimi, vikavu, safi, nikampelekea Mzee Guk, gubiti ni langu. Nikachukua mkasi wa Mama Gil-rae wa kukatia vitambaa, nikavaa mgongoni kiunzi cha mbao cha kubebea mizigo, nikashuka kitongoji cha chini kabla Mzee Guk hajaamka vizuri.

Mkasi wa nguo haugongi vizuri. Unasema chi-chi-chi, kama panya kwenye gunia. Mbwa walinifuata wote. Basi nikaongezea kwa kuimba. Sauti yangu unaijua, ile iliyowahi kusimamisha harusi kule Yesan. Wanawake wakatoka.

Mama Chun-bok akanitazama juu mpaka chini akasema, "Shemeji, mkasi nauona. Gubiti liko wapi?"

Nikawaambia huu ni mfumo mpya. Chuma leo, gubiti Jumamosi. Seoul nzima wanafanya hivyo, hakuna anayeshika gubiti siku ya kwanza, ni ushamba. Nikawa natazama juu kidogo wakati nasema, kama mtu anayekumbuka Seoul. Wakaamini! Wengine wakaingia ndani wakatoka na misumari, vifuniko, majembe, minyororo ya ng'ombe, kitanda kizima cha hospitali sijui kilitoka wapi. Nilipanda na kushuka kilima mpaka magoti yakawa yanaongea.

Kulikuwa na tatizo moja dogo. Pa kuviweka. Penye nafasi ni pale pale ukutani, juu ya vile vya zamani. Jioni rundo lilikuwa limegusa paa.

Nikapita karibu na dirisha. Ok-bun akauliza kutoka ndani, "Baba mdogo, jua limezama?"

Nikasema bado.

Akasema, "Aa."

Sijui kwa nini hiyo "aa" imenikaa. Nimekula chakula changu nayo.

Halafu Mama Gil-rae akachukua mkasi akate kitambaa cha koti la Ok-bun la kwendea mtihani. Mkasi ukakitafuna kitambaa kama ng'ombe asiye na meno. Akaugeuza akautazama. Akanigeuzia macho. Nikamwambia hata mikasi huchoka.

Ijumaa, 18 Januari

Pyo! Kumbe alimsikia mtu anaimba kitongoji cha chini, akaijua sauti. (Nimesema sauti yangu inajulikana.) Akawaambia wanawake kwamba kwa Man-bok hakuna gubiti, hakujawahi kuwa na gubiti, kuna barafu tu. Asubuhi wakajaa uani kwangu. Mama Chun-bok mbele, mikono kiunoni. Anataka gubiti lake au minyororo yake. Mwingine anataka kitanda chake. Nikawaambia Jumamosi ni kesho. Wakaniambia basi hata kesho watakuja, na watakuja na waume zao.

Pyo akachungulia juu ya ukuta. Akasema, "Man-bok, nasikia umefungua kampuni. Hongera. Utaniajiri?"

Mama Gil-rae hakupiga kelele. Heri angepiga kelele. Aliingia ndani akaanza kukunja magodoro. Anayakunja taratibu, kona kwa kona, vile anavyofanya mtu ambaye ameshaamua.

Na Ok-bun akatoka na kitabu chake, akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, kwenye baridi ile, kwa sababu ndipo penye mwanga. Vidole vimekuwa vyekundu kama pilipili. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Baba mdogo wake anamtafutia gubiti ambalo lango lenyewe litainama. Akanijibu kwa heshima, macho chini, kwamba gubiti si lazima. Akasema, "Ni vile tu, Baba mdogo, gizani nane na tatu zinafanana."

Nikaenda chooni nikakaa huko muda mrefu, bila haja.

Marehemu kaka yangu alikuwa na macho mabovu vile vile. Alikuwa anasoma gazeti amelibandika puani. Angekuwepo angeniambia neno moja tu, Man-bok, kwa sauti ya chini, ningebeba rundo lote kwa meno.

Nilipotoka chooni nilikuwa nimeshapata jibu. Moto!

Jumamosi, 19 Januari

Siku yangu kubwa. Nitaieleza kama ilivyokuwa, bila chumvi.

Alfajiri nimeleta majani makavu ya mpunga, mafungu kwa mafungu, nikayapanga kuzunguka rundo. Barafu ikiyeyuka, chuma kinaimba, Mzee Guk anakata gubiti. Nikawasha kiberiti. Mama Gil-rae akatoka mbio na mwiko mkononi, hajavaa viatu, anapiga mayowe kwamba nachoma nyumba na mtoto ndani. Dirisha la karatasi! Nilikuwa nimelisahau. Akakipuliza kiberiti kwenye vidole vyangu hivi hivi, akasema kama nataka moto, rundo litoke ukutani kwanza.

Litoke vipi? Limegandana kama familia.

Hapo ndipo wakaja kina Mama Chun-bok, na waume zao kama walivyoahidi. Mama Gil-rae akasimama mbele yao, bado hana viatu, mwiko juu, akasema, "Anayetaka gubiti, ashike chuma. Asiyeshika, aende kwake." Sijawahi kumwona hivyo. Jenerali wangu hakuwa na sauti ile.

Wakashika. Hata mimi nilishika, nilikuwa mbele, naongoza. Mama Chun-bok anasema naongoza kwa mdomo, lakini kila kazi ina mdomo wake. Tukavuta, tukanyonga, tukapiga kwa nyundo. Kitanda cha hospitali kilitoka na magurudumu yake. Usukani wa baiskeli ulipochomoka kwenye karatasi ulilia pop, kama chupa iliyofunguliwa, na skafu ya Ok-bun ikatoka nao. Kila kitu kikahamia katikati ya ua.

Halafu moto. Moto wa kweli! Barafu ikaanza kutiririka, nyeusi kwa masizi yangu, ikaingia viatuni kwangu. Mvuke ukapanda mpaka kituo cha treni wakadhani ni treni. Watu wakasogea kuota, mtu akaleta viazi vitamu akavichomeka kwenye majivu, mtu akaleta pombe ya mchele. Ua wangu ukawa kama sherehe. Nikawaeleza habari za mzinga. Baadhi walisikiliza.

Mzee Guk aliuona moshi akaja mwenyewe. Akapiga sufuria kwa mkasi. Ting! Akapiga debe. Ting! Akainamisha kichwa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akawakatia wanawake kila mmoja gubiti lake, na wakaridhika, hata Mama Chun-bok, ambaye alilitafuna pale pale akinitazama. Akapakia kila kitu, akaenda akarudi, mpaka ua ukabaki mweupe. Kofia ya chuma tu ndiyo aliyoikataa tena.

Fungu langu mimi? Kipande cha ukubwa wa kiganja! Nikamwambia Mzee Guk, rundo lote lile? Akasema, "Bosi, vyako vingi ni kutu. Kutu haina sauti." Na akasema amekata kidogo kwa ajili ya yule panya aliyekuwa anagonga mkasi kwenye eneo lake. Nikasema hata mimi nimemsikia huyo panya.

Pyo alikuwepo, anakula kiazi changu.

Ok-bun sikumwona. Mama Gil-rae alibandika karatasi mpya pale palipotoboka, na chumba kile kikawa cheupe mpaka kinaumiza macho. Mtoto hakutoka hata kula kiazi. Nilipoanza kusimulia upya habari za mzinga nikaambiwa nipunguze sauti, kuna mtu anasoma. Magodoro yamekunjuliwa. Sijauliza kitu.

Jumatatu, 21 Januari

Mtihani. Tumepanda basi la kwanza, mimi na Ok-bun, na gubiti langu nimelifunga kitambaani, kifuani, karibu na moyo.

Langoni watu wamejaa. Gubiti kila mahali, refu, nene, la ufuta, la maboga. Na vioja! Baridi ilikuwa kali, magubiti yameganda kama vigae, hayanati. Bapa la Pyo la kutoka kisiwani lilianguka likavunjika mbele ya watu wote. Akawa analipulizia kwa pumzi, amepiga magoti, kofia imeenda upande. Nikampa pole. Nilitoa pole hiyo kwa sauti.

Kwa la kwetu mambo yalikwenda vizuri. Sitaandika mengi.

Ok-bun akaniuliza lipi ni letu. Nikamwonyesha. Akalitazama, akanitazama, akainama akaniaga kwa heshima, akaingia ndani na penseli zake. Ana mwendo wa baba yake, mgongo wima, kama vile ardhi ni ya kwao. Nilisimama pale mpaka kengele ilipolia, na baada ya kengele nikaendelea kusimama. Vumbi liliniingia machoni. Kwenye theluji, ndiyo. Kuna vumbi la theluji.

Jumamosi, 26 Januari

AMENATA!

Namba yake iko ubaoni, safu ya juu, nimeisoma mwenyewe, nikamsomesha mlinzi wa lango, nikamsomesha mtu wa basi. Mama Gil-rae amelia ndani ya aproni mpaka aproni imelowa, halafu akanipikia samaki mzima, mimi! Ok-bun amecheka kwa sauti. Sikujua kwamba ana sauti kubwa kiasi kile. Mwezi wa tatu anaanza. Hakuna wigi, hakuna treni.

Nimeshinda kutwa kwa kinyozi nikieleza siri ya ushindi. Wengi hawajui kwamba gubiti lazima libandikwe kwa pembe, likitazama mashariki, na mkono wa kulia. Kinyozi amesema mwanawe akifika umri huo atanitafuta. Mama Gil-rae anadai ni mwanga wa dirisha. Mwanga! Mwanga kila mtu anao.

Binti wa Pyo naye amenata, kwa hiyo leo Pyo ana roho nzuri. Ameniambia injini ya zamani ya kinu chake imekufa, inamjazia nafasi, kama nataka nichukue. Kama nataka! Chuma kitupu, kizito kama fahali. Ok-bun ataelekea chuo kikuu siku moja, na mtihani wa chuo kikuu unahitaji gubiti la kiwango kingine. Mtu makini anajiandaa mapema. Wanaileta Jumanne, Mama Gil-rae akiwa sokoni. Mahali nimeshapaona. Ukuta wa nyuma uko wazi kabisa sasa, na unapata jua zuri sana.

Jambo moja tu, na hili libaki humu. Kwenye basi gubiti langu lilikuwa gumu kama kigae, nikaliweka mdomoni kidogo, lilainike, linate vizuri. Halafu nikaliacha kidogo tena. Tulipofika langoni mdomoni mlikuwa na utamu tu. Lile nililomwonyesha Ok-bun sijui ni la nani.